Picha ya Kabla ya Nyumba ya Bi Sikudhani

Nchi hii ipo, ila watu wanaonitakia mema wamenishauri nilisahau jina lake, nami nimelisahau vizuri kabisa. Ina milima, ina mito, ina wizara arobaini na moja, na wananchi wake wana afya njema kwa sababu kila siku wanapanda ngazi za wizara hizo. Anayeijua asiitaje. Asiyeijua asiwe na wasiwasi, atafika tu.

Basi katika nchi hiyo, kwenye mtaa uitwao Makofi Mapya, aliishi Bi Sikudhani Marijani, mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Miaka thelathini na miwili aliwasongea ugali watoto mia sita kwa mpigo. Kazi hiyo ilimwachia mikono mizito, sauti ya kuwaita watu walio mbali, na imani kwamba jambo lolote likikorogwa kwa bidii mwishowe litaiva. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wameshika maisha yao huko na huko, akabaki yeye na nyumba. Alipolipwa kiinua mgongo hakununua gari wala hakufungua duka. Aliikarabati nyumba: paa la vigae vyekundu, jiko lenye kabati, na choo cha ndani ambacho wiki ya kwanza alikuwa akienda kukitazama tu.

Rangi haijakauka vizuri, redio ikatangaza. Mgeni mkubwa kutoka nje atapita Makofi Mapya mwisho wa mwezi, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, na kwa hiyo ni lazima aone nyumba nzuri. Kila nyumba ya mtaa huo iwe na Hati ya Thamani. Nyumba isiyo na hati itahesabiwa haina thamani, na serikali, kwa kuwa ni sikivu, haibomoi kitu kisicho na thamani. Inakiondoa kwa upole. Kesho yake likaletwa katapila moja kubwa la njano, likaegeshwa mwanzo wa mtaa, ubavuni limeandikwa UPOLE kwa herufi za kijani. Watoto walilipenda sana.

Bi Sikudhani hakuona shida. Nyumba yake ilikuwa mpya kuliko zote. Alikusanya karatasi zake zote, akazitia ndani ya sufuria yenye mfuniko, maana ilikuwa masika na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, akajitwika sufuria yake akaenda Wizara ya Majengo, Mandhari na Makofi. Ofisi ya uthamini ilikuwa ghorofa ya tisa. Kwenye mlango wa lifti palibandikwa karatasi: IMEKWENDA SEMINA.

Aliyempokea alikuwa Afisa Mthamini Mkuu, Bwana Mathayo Kizwalo. Jina hilo lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Alikuwa amekaimu nafasi ile miaka kumi na mmoja, na hata mkewe nyumbani alimwita Kaimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu nimeikarabati. Twende ukaione uithamini, chai ipo na vitumbua vipo."

Bwana Kaimu akasogeza kiti nyuma taratibu. "Kuiona, mama? Sisi hatuoni nyumba. Zamani wathamini walikuwa wanakwenda kuziona, na unajua kilichotokea? Walikuwa wanarudi na maoni. Mmoja anasema kubwa, mwingine anasema ya wastani. Wizara ikayumba. Nyumba inabadilika, mama. Leo ina rangi, kesho imebanduka. Mhuri haubanduki."

"Kwa hiyo mnathamini nini?"

"Faili," akasema Bwana Kaimu, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayemtaja mchumba.

Akafunua sufuria, akaanza kuzipitia karatasi moja moja. Hati ya kiwanja ilikuwepo, ramani ilikuwepo, risiti za saruji, vigae na misumari zilikuwepo. Kulikuwa na barua ya fundi kuthibitisha kwamba yeye ni fundi, na barua ya mjumbe wa mtaa kuthibitisha kwamba barua ya fundi ni barua. Bwana Kaimu alikuwa akitingisha kichwa kwa furaha. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuona mwananchi aliyejiandaa namna ile. Vilipungua vitu viwili tu: picha za kabla na baada ya ukarabati, na barua ya wivu.

"Barua ya nini?"

"Ya wivu, mama. Ya jirani. Thamani ni nini? Thamani ni kile anachokisikia jirani akiwa dirishani kwake. Aandike mwenyewe, asaini, aeleze anaumia kiasi gani."

Jirani wa Bi Sikudhani alikuwa Mzee Songoro, karani mstaafu wa posta, mfugaji wa kuku, mtu wa watu. Alipoelezwa haja, alikuna kidevu.

"Sasa jirani, mimi nitakudanganyaje? Mimi sina wivu na wewe. Nimekufurahia kutoka moyoni."

"Hilo ndilo tatizo, Mzee Songoro. Ukinifurahia hivyo wataniletea katapila."

"Basi nipe mpaka jioni nijaribu kuumia."

Jioni ilipofika, barua ilikuwa tayari, kurasa mbili, mwandiko wa posta usio na doa. Mzee Songoro alithibitisha, akiwa na akili timamu, kwamba tangu vigae vya Bi Sikudhani vipande juu, tonge halimshuki; kwamba akilisikia kabati la jiko lile likifunguka hugeukia ukutani; kwamba mvua ikinyesha, yeye akiwa njiani kuelekea choo cha uani na mwavuli wake, huwaza mambo ambayo hawezi kuyaandika kwenye barua ya serikali. Bi Sikudhani alisoma akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho.

"Haya yote umeyatunga, sivyo?"

"Mengine nimeyatunga."

"Na mengine?"

"Kile choo cha ndani, jirani," akasema Mzee Songoro akitazama pembeni, "ni kizuri mno."

Ikabaki picha. Picha za baada alikuwa nazo kumi na mbili, fundi alizipiga kwa simu siku ile kazi ilipokwisha. Kwa picha ya kabla akapeleka ile ya harusi ya binti yake, miaka minane iliyopita, bibi harusi na wapambe wamesimama uani, na nyuma yao nyumba ya zamani inaonekana yote, bati zilizooza na ukuta mweusi wa jiko. Bwana Kaimu aliitazama kwa huzuni.

"Hii haipokeleki, mama. Kwanza, picha ya kabla isizidi siku thelathini. Hii ni ya zamani."

"Si ndiyo maana yake? Ni ya kabla."

"Ya kabla, ndiyo, lakini iwe ya sasa. Pili, humu watu wanacheka. Picha ya kabla inatakiwa ionyeshe dhiki. Waziri akiona watu wanacheka namna hii atauliza nyumba ilikarabatiwa ya nini."

"Mwanangu, nitapata wapi picha ya mwezi huu ya nyumba mbovu, na mwezi huu nyumba ni mpya?"

"Umeuliza swali zuri," akasema Bwana Kaimu, akafungua Daftari la Maswali Mazuri, akaliandika, akalipa namba elfu nne na kumi na saba, kisha akalifunga daftari. Akainama kidogo juu ya meza akashusha sauti. "Wengine huirudisha ilivyokuwa. Kwa muda tu. Wakishapiga picha mambo yanaendelea."

Bi Sikudhani alishuka ghorofa tisa bila kujua ameshuka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Mtaani kwake alilipita lile katapila, na dereva wake, kijana mpole kweli, akamwamkia. Bi Sikudhani aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Pale ndipo alipozalia watoto wake watatu, pale ndipo mumewe alipoagia dunia, na hakuwa na mahali pengine duniani ambapo angeweza kuingia bila kubisha hodi. Alipofika nyumbani alikaa jikoni akitazama kabati zake kwa muda mrefu, halafu akamwita Fundi Mbaruku.

"Fundi, njoo uezue paa."

Fundi akainua macho juu. "Vigae vimevuja?"

"Havijavuja hata tone. Ndio ubaya wenyewe."

Kazi ya kuirudisha nyumba nyuma ilichukua siku mbili, na mtaa mzima ulikuja kusaidia, maana watu wa Makofi Mapya hawapitwi na jambo. Vigae vilishushwa mkono kwa mkono vikapangwa uani. Bati za zamani Bi Sikudhani alikuwa amempa Mzee Songoro akazijengea banda la kuku. Basi wakaenda kulibomoa banda, wakazipandisha bati juu ya kenchi, na kuku karibu wote wakabaki wamesimama uani wakitazama nyumba yao ikiwa juu ya nyumba ya mtu mwingine. Choo cha ndani kikafunikwa gunia. Ukuta wa jiko aliushughulikia Bi Sikudhani mwenyewe: aliwasha kuni mbichi akaupulizia moshi asubuhi nzima, kwa ujuzi wa miaka thelathini na miwili, mpaka ukawa mweusi kuliko ulivyowahi kuwa.

Kilichowashinda ni dhiki. Fundi Mbaruku alishika simu, Bi Sikudhani akasimama mlangoni, na kila alipojaribu kununa, jogoo mmoja aliyepanda na banda lake akachungulia kutoka kwenye bati, na mtaa mzima ukaangua kicheko, naye akacheka. Wakajaribu mara saba. Mara ya nane akageuza macho akaliona katapila kule mwanzo wa mtaa. Uso ukaja wenyewe, fundi akapiga.

Bwana Kaimu alipoipokea picha ile alisimama. "Mama, hii ni dhiki safi kabisa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja."

"Lakini mwanangu, picha ya kabla ina tarehe ishirini na nne, na ya baada ina tarehe mbili. Haina neno?"

"Wizara inasoma maandishi ya chini. Hapa imeandikwa kabla, hapa imeandikwa baada. Tarehe ni mapambo." Akagonga mhuri wa kupokea. Bi Sikudhani alikuwa amekwisha jitwika sufuria yake Bwana Kaimu alipomwita tena. "Ila usiezeke mpaka hati itoke. Ukiezeka sasa utakuwa umekarabati mara ya pili, na huo ni ukarabati mwingine, una faili lake."

Kwa hiyo Bi Sikudhani akakaa kwenye nyumba ya kabla. Siku ya pili Mzee Songoro alikuja kwa aibu kuomba bati zake, kwa sababu kuku walikuwa wamegoma kutaga. Akapewa. Ikabaki kenchi tupu na anga, na Bi Sikudhani chini ya turubai kwenye kona ya sebule, yeye, kitanda chake na redio. Hakulalamika sana. Alijipa moyo kwamba hati zilizoombwa mwaka juzi bado hazijatoka, ila kwa vile kuna mgeni, huenda yake ikawahi kabla ya katapila.

Iliwahi kupita kiasi. Ilitoka siku ya tatu. Faili la Bi Sikudhani lilipanda ghorofa kwa ghorofa, na kila afisa aliyelifungua alilia kwenye picha ya kabla, akapumua kwenye picha ya baada, akasoma barua ya Mzee Songoro mara mbili. Lilipofika kwa Waziri, Waziri alikuwa anatafuta kitu cha kuzindua. Redio ikatangaza asubuhi hiyohiyo: nyumba ya Bi Sikudhani Marijani imepewa Daraja la Kwanza na ni Nyumba ya Mfano kwa taifa zima. Mheshimiwa atafika kesho saa nane mchana kuizindua na kumkabidhi hati kwa mikono yake. Fundi Mbaruku wakati huo alikuwa msibani wilaya ya pili, na hakuna mtu mwingine mtaani aliyejua kigae kinashikaje.

Msafara ulikuwa wa magari kumi na manne, na nyuma yake likaja katapila, injini inaunguruma, kwa sababu Waziri alipenda kuwa na uamuzi karibu. Bwana Kaimu alikuwa kwenye gari la kumi na tatu. Waziri akashuka, mtu mnene mwenye tabasamu la mabango, akapiga picha mlangoni, akaingia sebuleni na wapambe wake wote. Akainua macho juu ili alisifu paa. Juu palikuwa na mawingu.

Wapambe wakatazama juu, wakamtazama Waziri, wakatazama faili. Halafu mvua ikaanza, kwanza matone makubwa ya kutafutana, kisha ikamwagika yenyewe kama ilivyo kawaida ya masika. Ilinyesha juu ya suti ya Waziri, juu ya zulia jekundu, juu ya keki ya uzinduzi iliyoletwa na msafara. Miavuli ilikuwepo ishirini, mikononi mwa walinzi, na hakuna aliyefungua hata mmoja, maana kufungua mwavuli chini ya paa la Daraja la Kwanza kungekuwa kumtuhumu Mheshimiwa aliyelisaini. Bwana Kaimu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama," akasema Waziri polepole, maji yakimtiririka puani. "Hili paa..."

Akajipangusa pua. Nje dereva wa katapila akaweka gia. Nyumba yake yote ilikuwa inangoja neno moja la mtu aliyelowa, na mtu huyo alikuwa amekwisha fungua mdomo. Akaona liwalo na liwe, akatumia ile sauti ya kuitia watoto mia sita.

"Paa ni hilo ulilolisaini, Mheshimiwa. Mimi sina jingine."

Waziri aliitazama hati mkononi mwake. Wino wa sahihi yake ulikuwa umeanza kukimbia. Haraka akalifungua koti, akaificha hati kifuani isilowe, akalifunga koti, na papo hapo tabasamu likarudi mahali pake.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimesimama chini ya mapaa mengi, ndani na nje ya nchi. Sijapata kusimama chini ya paa lenye hewa kama hili. Hili ni paa linalomwamini mwananchi. Najua wapo watu, wachache, waliozoea kubeza, watakaotoka hapa waseme kwamba humu ndani mna mvua. Nawauliza: wana hati?"

"Hawana!" wakajibu wapambe.

"Wana mhuri?"

"Hawana!"

Wakapiga makofi, na makofi ya mikono iliyolowa, kwa wasioyajua, yana kishindo zaidi. Waziri akamkabidhi Bi Sikudhani hati yake, ya moto moto kutoka kifuani, akakata keki iliyokuwa imegeuka uji, akala kijiko kimoja akasema ni laini. Akatoka. Mlangoni akampungia mkono dereva wa katapila, likazimwa, likaondoka mtaani siku hiyohiyo kwenda kuwafanyia upole watu wengine. Bi Sikudhani akakaa chini katikati ya sebule, ndani ya maji, akakumbatia hati yake akalia kwa raha. Mzee Songoro akaja akasimama karibu naye na mwavuli wake.

Jumapili Fundi Mbaruku alikuwa amerudi, na mtaa mzima ukapanga mstari uani, vigae vikapanda mkono kwa mkono kama vilivyoshuka. Saa nne akatokea mtu amevaa kaptula na fulana iliyofifia, ameshika nyundo. Bi Sikudhani alimtazama mara mbili ndipo akamjua.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusaidia."

"Marahaba, Bwana Kaimu. Hivi siku ile ulikuwa umesimama karibu na dirisha. Uliona kwamba hakuna paa?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa kazini, mama," akasema Bwana Kaimu, akapanda ngazi.

Alifanya kazi vizuri kwa mtu wa ofisini. Alijigonga kidole mara mbili tu, akala vitumbua sita, na saa nane kigae cha mwisho kilipokaa yeye ndiye aliyekipigilia. Hawajamaliza kunawa, mvua ikaja. Watu wakakimbilia ndani, wakajazana sebuleni, wakasikiliza kishindo juu ya vichwa vyao. Mzee Songoro aliomba ruhusa akaenda kukaa kwenye choo cha ndani, bila haja yoyote maalumu.

Bwana Kaimu alisimama katikati ya chumba. Akanyoosha mkono mbele, kiganja juu, akangoja. Akausogeza mkono upande wa kona, akangoja tena. Akatazama kiganja, kikavu. Alikuwa amepitisha mapaa elfu tatu na zaidi.

"Kumbe linazuia kweli," akasema.

"Sasa ulidhani la nini, mwanangu?"

Bwana Kaimu alitazama dirishani, mvua ikizidi kushuka, halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mwananchi aliyefika kaunta, kama anaweza kubaki hapo na kumwita mkewe na watoto waje mpaka mvua iishe. Nyumba yao ya serikali, alieleza, nayo ina hati ya Daraja la Kwanza. Bi Sikudhani akamtazama, akaelewa, akaingia jikoni kutafuta sufuria kubwa ya chai.